Okumba Hakuachilia Mkono

Jumapili ile Mwalimu Walter Okello alivaa suti. Suti ya kutazama televisheni, tena sebuleni kwake mwenyewe, nje kidogo ya soko la Kombewa! Mkewe, Achola, alimwona akihangaika na tai mbele ya kioo cha kabati, akamwuliza kama ni gavana anayekuja au ni yeye anayekwenda kuapishwa. Mwalimu alicheka tu. Mtu ambaye kitabu chake kinaonyeshwa nchi nzima hawezi kukaa na kaptura, hata kama nchi nzima haimwoni.

Viti vya plastiki vilikuwa vimeazimwa kanisani. Jogoo watatu walikuwa wameshachinjwa, na ugali uliosongwa siku hiyo ungeweza kulisha kwaya mbili. Kufikia saa moja kasorobo jioni sebule ilikuwa imejaa mpaka wengine wakasimama nje dirishani. Kiti cha mbele kabisa, ubavuni mwa Achola, kilikuwa cha Dorca, jirani yao, mjane mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Hakuna shughuli iliyofanyika katika boma lile bila Dorca kukaa mbele, na sababu yake ilijulikana na kila mtu pale. Sababu hiyo hiyo ndiyo iliyozaa kitabu, kwa hivyo afadhali isemwe mapema.

Miaka kumi na tisa iliyopita, Byron, mtoto wa pekee wa Mwalimu na Achola, alikuwa nyumbani kwa likizo ya chuo. Siku moja alivuka kwenda kisiwani na Tom, kijana wa Dorca, katika mtumbwi wa Waswa, mvuvi kutoka Busia aliyekuwa amepanga chumba karibu na ufuo. Walipokuwa wakirudi, saa nane mchana jua likiwaka, upepo uligeuka ghafla na mtumbwi ukapinduka. Waswa alining'inia kwenye mtumbwi uliopinduka, akaokolewa. Mwili wa Tom ulipatikana siku ya pili. Byron hakupatikana, si siku hiyo, si wiki hiyo, si mpaka leo.

Siku ya kumi wazee walisema inatosha. Likakatwa yago, lile tunda refu na zito ambalo watu wa huko huzika badala ya mtu ambaye ziwa limekataa kumrudisha. Likavishwa shati la Byron. Kaburi lilikuwa limechimbwa na watu wamesimama, lakini Achola akakaa ukingoni mwa shimo, miguu ndani, akasema hazikwi mtu hapa. Hawezi kuzika tunda wakati hajui mtoto wake alikufa vipi. Wanawake walimbembeleza, mchungaji alimsomea, hakubanduka. Ndipo Mwalimu alipopiga magoti udongoni, akamwambia mbele ya watu wote maneno ambayo alisema ameyapata kwa Waswa: kwamba Byron angeweza kuogelea mpaka nchi kavu, lakini alimwona Tom anazama, akarudi, akamshika mkono, hakumwachilia.

Achola aliinuka. Dorca akamkumbatia, wakalia pamoja, na tunda likazikwa. Tangu hapo, kila mwezi wa Desemba, Dorca huja na jembe kung'oa magugu katika kaburi la Byron kabla hajang'oa katika kaburi la mwanawe mwenyewe. Huwezi kumzuia. Ukimwambia atachoka, anakuuliza kama Byron alichoka.

Miaka miwili baada ya hapo kilitoka *Okumba wa Chini ya Ziwa*. Kilikuwa kitabu chembamba chenye karatasi mbaya, na mchoraji wa jalada alikuwa amempa Okumba miguu miwili ya kushoto, kosa ambalo Mwalimu hajalisamehe. Lakini watoto wa shule walikisoma mpaka kurasa zikachomoka. Okumba anavuka ziwa na rafiki yake Oloo, chombo kinapinduka, Oloo hajui kuogelea. Okumba anamshika mkono. Ziwa linamvuta Oloo na Okumba hamwachi, anashuka naye mpaka nchi iliyo chini ya maji, ambako Mtawala wa huko huwapanga waliozama mistari mistari kama wanafunzi kwenye gwaride, kila mmoja amesahau jina lake. Okumba peke yake hasahau lake, kwa kuwa mkononi mwake kuna mkono wa mtu. Kuanzia hapo kuna vita, kuna kambare wanaosema, kuna mamba mwenye meno ya shaba. Lakini sentensi iliyopendwa ilikuwa moja, na watoto waliipiga kelele uwanjani wakivutana: Okumba hakuachilia mkono!

Na kila mtu alimjua Okumba kwa jina lake la nyumbani, Byron.

Sasa picha ikaanza. Muziki ulikuwa mzuri, lazima tukubali. Ziwa lilionekana kubwa kuliko lilivyo. Halafu akatokea Okumba, na watu wakatazamana. Nywele zake zilikuwa zimepakwa rangi ya chungwa. Alikuwa akiogopa mbuzi. Katika dakika kumi za kwanza alidanganya mara tatu, akamwibia bibi kizee samaki, na kila aliposema neno la maana alifuatisha mzaha, utadhani anaomba radhi kwa kuwa na akili.

"Huyu ndiye nani?" mtu akauliza dirishani.

"Ngojeni," Mwalimu akasema. "Hadithi inajengwa polepole."

Wakangoja. Wale vijana wawili wakaingia ziwani, mawimbi ya kompyuta yakainuka kama ghorofa, chombo kikapinduka. Mwalimu alijikuta amesogea mpaka ukingoni mwa kiti. Juu ya maji paliibuka kibuyu kimoja kikubwa, shingoni kimefungwa kitambaa cha buluu. Oloo alikuwa amekikumbatia, analia. Okumba akaogelea mpaka kwake, akamtazama machoni, kisha akaanza kumbandua vidole, kimoja, cha pili, cha tatu. Akakichukua kibuyu akaenda zake. Oloo akazama mdomo ukiwa wazi, na kamera ikamfuata mpaka giza.

"Hapana!" watu wakapiga kelele. "Aaa, hapana! Huyo si Okumba!"

Kuna aliyepiga kiti teke. Kuna msichana wa kwaya aliyelia. Dorca alifyonya mfyonyo mrefu uliosikika mpaka barabarani, akamgeukia Achola akicheka kwa hasira.

"Hawa watu wa Nairobi wamerogwa. Byron wetu angefanya hivyo? Mwalimu, wewe waambie! Waambie huyo si mtoto wetu."

Mwalimu akasimama na suti yake. Alisema mambo mengi, na mengine yalikuwa ya kweli. Alisema wameharibu kitabu, wamemvua shujaa nguo mbele ya watoto, siku hizi hawawezi kumwona mtu mwema bila kumtafutia uchafu. Alisema kesho asubuhi na mapema anakwenda Kisumu kuwaona ana kwa ana. Watu wakampigia makofi, wakala jogoo kwa huzuni, wakaenda. Achola hakuwasindikiza. Alikuwa bado anatazama kioo cha televisheni kilichozimwa.

Hasira ya Mwalimu ilikuwa ya kweli, asije mtu akamwonea. Lakini chini ya hasira kulikuwa na hofu. Kwa sababu kile kibuyu hakikuwa kitabuni, na Waswa hakuwahi kumwambia kwamba Byron alimshika Tom mkono.

Alichosema Waswa ni kingine. Alikisema siku ya tatu, nyuma ya banda la samaki, akiwa amejifunika blanketi na meno yanagongana ingawa jua lilikuwa kali. Kulikuwa na jerikeni moja ya manjano iliyokuwa inaelea. Tom aliipata kwanza. Byron alimfuata akamnyang'anya. Tom alikuwa akimwita kwa jina, akimwambia, Byron, tushike wote wawili, nayo jerikeni ilikuwa ya lita ishirini, pengine ingewabeba wote. Byron hakumjibu. Alimbandua vidole akaondoka na jerikeni kuelekea kisiwani, wimbi likainuka, na lilipotulia hakukuwa na Byron wala jerikeni. Mwalimu alimsihi Waswa asimwambie mtu yeyote. Waswa akarudi kwao Busia mwezi huo huo, na baada ya miaka minne habari ikafika kwamba ameaga dunia.

Kwa hivyo aliyebaki akijua alikuwa Mwalimu peke yake. Alikaa nalo jambo hilo miaka kumi na minane na ushei. Alilikalia shuleni akifundisha, alilikalia kanisani, alilikalia kila Desemba akimwona Dorca ameinama na jembe. Kisha mwaka jana akaja Bridget Nasambu, yule binti aliyepewa kazi ya kuandika mchezo wa televisheni, akaomba aonyeshwe ziwa. Walikaa juu ya jiwe ufuoni, mchana mtulivu. Binti hakuwa na kalamu mkononi. Aliuliza tu: Mzee, ilikuwa vipi hasa? Na mdomo wa Mwalimu ukafunguka. Alimweleza yote, hata rangi ya kitambaa kilichofungwa kwenye mkono wa jerikeni. Alipomaliza alijisikia mwepesi, akamnunulia binti samaki wa kukaanga, akarudi nyumbani akipiga mluzi. Mtu mzima, mwenye mvi, mwandishi wa vitabu, alimweleza siri mwandishi mwenzake akadhani imekwenda kulala!

Jumatatu saa nne asubuhi alikuwa Kisumu, mtaa wa Milimani, kwenye nyumba kubwa yenye uwanja wa majani ambayo watengenezaji wa picha walikuwa wamekodi. Mlinzi wa geti alimuuliza ana miadi na nani. Mwalimu akasema ana miadi na Okumba. Mlinzi aliandika hivyo hivyo kwenye daftari lake, akamfungulia.

Bridget alikuwa barazani na kompyuta yake. Alipomwona alisimama upesi, akamvutia kiti, akamletea chai mwenyewe. Alikuwa binti anayekaribia miaka thelathini, mzaliwa wa mtaa wa Nyalenda, mama yake Mbukusu aliyeuza mboga karibu na bomba la maji. Alikuwa na adabu zote. Hilo lilimuudhi Mwalimu zaidi, maana alikuwa amejiandaa kugombana na mtu asiye na adabu.

"Mliona, Mwalimu?" aliuliza. "Mama aliona?"

"Tuliona. Kijiji kizima kiliona. Umenifanyia nini, Bridget?"

Bridget akafunga kompyuta yake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, mimi nilisoma kitabu chako nikiwa darasa la sita. Nilikipenda mpaka nikakiiba, bado niko nayo. Lakini nilikuwa namwogopa Okumba. Yeye haogopi, hakosei, hachoki. Nilikuwa naona mimi kwa hiyo maji ningeachilia. Kwa hivyo hadithi haikuwa yangu, ilikuwa ya watu wazuri. Siku ile umeniambia ukweli, ndiyo nilimwona mtu."

"Mimi nilikupa Okumba. Umenirudishia mwizi."

"Nimekurudishia mtu ambaye anajuta. Ngoja uone mbele. Sehemu ya nane anarudi chini ya maji kumtafuta Oloo, anampata, anamuomba msamaha. Utalia, Mzee."

"Okumba harudi," Mwalimu akasema. Sauti ilianza kumpanda. "Hawezi kurudi kwa sababu hakuondoka! Huwezi kuelewa hata hilo? Kitabu chote ni hilo tu. Ukiliondoa hilo, kinachobaki ni kambare wanaoongea."

Bridget alifungua simu yake akamsogezea. "Soma hii. Imekuja leo asubuhi. Ni mtu wa Mbita. Akiwa na miaka kumi na minne aliachilia mkono wa dada yake ziwani. Anasema hajawahi kumwambia mtu. Anasema jana ndiyo mara ya kwanza ameona mtu kama yeye akipewa hadithi."

Mwalimu aliisoma. Akaisoma tena. Angekuwa mwongo kusema haikumgusa. Alimrudishia simu bila kumtazama.

"Huyo mtu wa Mbita ana haki yake," alisema. "Mwandikie hadithi yake. Lakini yangu nilikuambia kama mtu anavyomwambia mtu. Sikukuambia uipeleke kwenye televisheni."

"Ulijua mimi ni mwandishi. Mbona uliniambia mimi?"

Mwalimu alivuta kikombe. Alikuwa amejiuliza swali hilo usiku kucha. Alikunywa chai yake iliyokuwa imeshapoa, akaweka kikombe chini.

"Na kitambaa?" aliuliza. "Kitambaa cha buluu ulikiwekea nini?"

"Nilikipenda. Kilinionyesha kwamba ile ni ya nyumba ya mtu, kuna mtu ameifunga na mkono wake."

"Ni leso ya mke wangu. Aliipasua akafunga jerikeni zake zote, zisibadilishwe na za wengine kisimani."

Mkono wa Bridget ulikwenda polepole mpaka mdomoni.

"Mwalimu. Mama hajui?"

Mwalimu alichukua kofia yake.

"Hukuniambia kwamba hajui," Bridget akasema, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka. "Nilidhani mnajua wote wawili. Nilidhani kitabu ni kitu mlikubaliana. Mzee, nisamehe. Imeshatoka, siwezi kuirudisha."

Alimsindikiza mpaka getini akiomba msamaha. Mwalimu alimsamehe kwa mdomo, kwa kuwa alikuwa ametoka katika kizazi kinachosamehe binti anayelia. Moyoni hakuwa na nafasi ya kumfikiria. Njia yote ya kurudi Kombewa alikuwa akitunga. Angesema binti alibahatisha. Buluu ni rangi ya maji, mtu yeyote angechagua buluu. Aliupanga uongo ule vizuri, ukapendeza, kwa maana kazi hiyo alikuwa ameizoea.

Achola alikuwa ameketi kivulini kando ya jiko la nje, ungo mapajani, anachambua omena, wale dagaa wa ziwa. Hakuinua kichwa.

"Umewaona?"

"Nimewaona. Ni watoto tu. Wanasema watu wa siku hizi hawataki shujaa msafi."

"Baba Byron, hiyo kitambaa imetoka wapi?"

"Kitambaa gani?"

"Usiniulize kitambaa gani." Aliendelea kuchambua, omena mmoja mmoja. "Kitabu chako mimi nimesomewa na wewe mwenyewe, mara ngapi sijui. Hakuna kibuyu. Hakuna kitambaa. Siku ile vijana walitoka hapa na jerikeni yangu ya maji ya kunywa. Nilikuuliza jerikeni yangu iko wapi. Uliniambia ilisahaulika kisiwani."

Mwalimu alifungua mdomo. Ule uongo mzuri ulikuwa pale pale, tayari, buluu ni rangi ya maji. Alimtazama mkewe. Mikono ya Achola ilikuwa imesimama juu ya ungo, na alikuwa anamtazama usoni kwa namna ambayo hakuwa amemtazama tangu ile siku ya ukingoni mwa shimo. Alikuwa anauliza swali lile lile. Miaka kumi na tisa ilikuwa imepita na bado hajajibiwa.

Akaketi chini, pale pale vumbini, na suruali yake ya safari. Akamwambia. Alimwambia kama Waswa alivyosema, bila kupunguza, jina lililokuwa likiitwa, vidole, na wimbi. Ilichukua muda mfupi sana. Alishangaa jinsi jambo lililomlemea hivyo lilivyokuwa fupi.

Kuku walikuwa wameshasogelea ungo wakidonoa omena, na Achola hakuwafukuza.

"Waswa alikuambia lini?"

"Siku ya tatu."

"Yago tulizika siku ya kumi."

"Ndiyo."

"Kwa hivyo wakati Dorca ananikumbatia pale, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua. Mama Byron, ulikuwa umekataa kutoka kwenye lile shimo. Nilitaka uweze kumzika."

"Lakini sikumzika." Aliongea taratibu, akitafuta maneno. "Watu walileta tunda, nikakubali, kwa sababu hiyo ni desturi, tunda linakaa mahali pa mwili. Wewe ukaniletea Okumba akae mahali pa mtoto. Nikamlilia huyo. Miaka kumi na tisa nimelia mtoto wa kitabu, mtoto ambaye haogopi. Na yule wangu? Yule ambaye alikuwa anaogopa kufa, aliyekufa amekumbatia jerikeni yangu, amefanya ubaya na hana mtu wa kumwambia? Huyo nani amemlilia?"

"Mimi nimemlilia," Mwalimu akaanza kusema, kisha akaacha, kwa kuwa haikuwa kweli. Alikuwa ameandika. Kila machozi yalipokaribia alichukua kalamu akamwongezea Okumba mapigano mengine, akamfanya mrefu zaidi, jasiri zaidi, mpaka pasibaki hata alama ya kijana aliyekuwa na makengeza kidogo, mvivu wa kuamka, mwoga wa ngurumo tangu utotoni. Alikuwa amemkasirikia Bridget siku nzima kwa kumharibu shujaa. Sasa aliona kwamba yeye ndiye aliyetangulia kumwondoa Byron ziwani na kumweka mtu mwingine.

Achola aliinuka, omena wakamwagika. Alivua kitambaa cha kichwani akakitupa. Alikwenda akasimama katikati ya boma, jua la saa tisa likimpiga kichwani kwenye mvi zake, akashika kiuno, akapiga nduru. Ilikuwa ile sauti ambayo mwanamke wa huko huitoa maiti inapolala ndani, na ambayo haipigwi kwa mchezo, maana kila anayeisikia lazima aache alichokishika na kukimbia. Akaipiga tena. Akamwita Byron kwa jina lake, akamwita mwoga wangu, akamwita mwizi wangu, akamwambia njoo nyumbani, mama yako hajakasirika.

Mwalimu alitaka kumkimbilia amzuie. Kisha akahisi uso wake umelowa, na sauti iliyokuwa ikitoka kifuani mwake mwenyewe hakuitambua.

Barabarani watu walikuwa wameanza kukimbia. Aliyefika kwanza alikuwa Dorca, kwa kuwa ua wake ulipakana na wao. Alikuja bila viatu, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko, akamkamata Achola mabegani.

"Ni nani? Mama Byron, ni nani amekufa?"

Achola alikuwa anamtazama tu Dorca na kulia, akijaribu kuitoa ile mikono yenye unga mabegani mwake kana kwamba haistahili kumshika. Dorca akamgeukia Mwalimu.

"Mwalimu, sema! Nani amekufa?"

"Ni Byron," Mwalimu akasema.

"Byron gani?"

"Byron wetu."

Dorca alimwangalia, kisha akamwangalia Achola, na hofu usoni mwake ikageuka kuwa huruma. Alidhani ni ile picha ya jana iliyowatibua wazee wa watu. "Baba Byron," alisema kwa upole, akimfuta vumbi begani, "ile ni televisheni. Wale ni wajinga tu. Sisi tunajua vile ilikuwa."

Watu walikuwa wameshaanza kuingia getini. Mwalimu alijiinua kutoka vumbini, akamshika Dorca mkono, akampeleka kwenye kiti cha Achola akamkalisha. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa amewafundisha watoto namna ya kuanza hadithi. Alisimama mbele ya mwanamke yule akatafuta pa kuanzia, na hakupata pengine ila pale Waswa alipoanzia.

"Jerikeni ilikuwa moja," alisema, "na Tom ndiye aliyeishika kwanza."